Kitufe Bila Jina: Kazi Inayotungoja Watu wa Lugha

Mtu asiyeona akigusa kioo cha simu yake, simu inamsomea kilicho chini ya kidole. Kwenye simu za Android programu inayofanya kazi hiyo inaitwa TalkBack. Kwenye iPhone ni VoiceOver, iliyoingia katika simu hizo mwaka 2009. Hakuna uchawi hapo. Programu inasoma jina ambalo mtengenezaji ameliandika nyuma ya kila kitufe, na sisi tunaoona hatulijui jina hilo kwa sababu macho yetu yanaishia kwenye picha: pembetatu ya kupiga wimbo, vijiti viwili vya kuusimamisha, moyo wa kuonyesha kwamba umeupenda. Mtengenezaji akisahau kuandika jina, simu inasema "bouton", basi. Unatelezesha kidole kwenda kitufe cha pili: "bouton". Cha tatu: "bouton". Kimoja kati ya hivyo kinapiga wimbo, kingine kinaufuta.

Ninaandika kwa sababu naamini jambo hili ni la kitivo chetu. Tumezoea kuwaachia mafundi wa informatiki, na wao wakishindwa tunaliachia kanisa kama jambo la huruma. Lakini tuangalie kinachokosekana. Fundi ameshaweka mahali pa kuandika jina. Mahali hapo pako wazi. Kinachokosekana ni neno, na katika chuo chetu wanaojifunza kazi ya maneno ni sisi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nimechagua muziki, wakati kuna programu za kutuma pesa na za kusoma habari. Nimeuchagua kwa sababu ya mji huu. Ni Kamina, mwaka 1953, ndiko alikofika padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, akakusanya watoto wa shule na walimu wao katika kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa waliyoitunga, Missa Luba, iliimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada tarehe 23 Machi 1958 hapa hapa, katika misheni ya Mtakatifu Bavo, na mwaka huohuo kwaya ikazunguka Ulaya. Dunia inaijua Kamina kwa sababu ya sauti hizo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba misa ile haikutoka kwenye karatasi. Waimbaji walitunga papo kwa papo juu ya namna za uimbaji za wazee wao. Noti ziliandikwa baadaye. Katika safu ya namna hiyo, mtoto asiyeona anasimama sawa na wenzake. Anachohitaji ni sikio, na sikio analo.

Vyombo vilivyofuata havikumwondoa katika safu hiyo. Radio ilikuwa na kishikio cha kuzungusha, na kidole kilijua ni wapi stesheni ya Lubumbashi inaanza kusikika. Redio-kaseti ilikuwa na vitufe vitano au sita vilivyopangwa mstari mmoja, na mtu akiishi nayo wiki moja, mkono ulivijua vyote gizani. Hata simu ndogo za vitufe zilikuwa na kidoti juu ya namba 5. Papasa simu hizo na utakikuta. Kidoti hicho kimoja kinatosha kumwambia mtu zilipo namba nyingine zote. Na ikiwa tunataka kwenda nyuma zaidi, sisi watu wa Haut-Lomami tunayo lukasa, ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, unaoshikwa kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono mwingine kikipita juu ya shanga na makombe na mdomo ukisimulia habari za wafalme wa Baluba. Sisemi kwamba lukasa ilitengenezwa kwa ajili ya vipofu. Nasema tu kwamba kusoma kwa kidole si jambo geni katika nchi hii.

Kisha kikaja kioo. Kioo ni laini kila mahali, na kitufe cha leo kesho kinahamia upande mwingine kwa sababu programu imesasishwa usiku. Kidole hakina cha kukumbuka. Kwa hiyo kazi yote iliyokuwa ya kidole imehamia kwenye jina linalosomwa, na jina likikosekana hakuna kitu cha kushika badala yake.

Jirani yangu mmoja anapiga gitaa katika kanisa la mtaani kwetu. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, na si yeye peke yake katika mkoa huu: surua ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A inaweza kumwacha kipofu, na wote tunakumbuka jinsi ilivyopiga Malemba-Nkulu mwaka 2015. Jirani huyu anatumia simu kuliko mimi. Ujumbe wa WhatsApp anausoma kwa kasi ambayo mimi sisikii hata neno moja, kwa sababu sauti ya simu yake ameiongeza mwendo mpaka inakuwa kama njugu zinazomwagika. Simu hiyo imempa mengi, na mwenyewe husema hivyo. Sitaki mtu afikiri kwamba analalamikia kioo na kutamani kaseti irudi. Lakini kwenye programu moja ya muziki, ambayo nitaiacha bila jina kama yenyewe ilivyoviacha vitufe vyake, nilimwona akihesabu. "Bouton ya nne kutoka juu ndiyo inapiga," aliniambia. "Likija tangazo, inakuwa ya sita." Tangazo lenyewe linafunika kioo chote, na alama yake ya kufunga haina jina, tena ni ndogo na iko pembeni kabisa. Mara nyingi anazima programu nzima na kuanza upya. Megabaiti alizonunua zinaliwa na kurudia rudia huko.

Nilikaa naye nikajifunza kwamba kukosa jina ni sehemu tu ya tatizo. Kuna kitufe chenye jina la uongo: kimeandikwa "piga" hata wakati wimbo tayari unapigwa, kwa sababu picha inabadilika lakini jina halibadiliki nayo. Kuna mstari wa kuonyesha wimbo umefika wapi, unaosomwa "asilimia thelathini na saba", na mpiga gitaa anayetafuta mahali pa solo hana la kufanya na asilimia. Anataka dakika na sekunde. Kuna orodha inayojipanga upya yenyewe wakati anaisikiliza, ikamrudisha mwanzo. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: simu inaongea na muziki unaimba kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila neno la ziada katika jina la kitufe linaharibu kipande cha wimbo. Jina refu ni adhabu.

Hapo ndipo mambo yanapowahusu waalimu wetu wa fonetiki na sintaksia, na ningependa tukae hapo kidogo.

Simu nyingi zinazouzwa hapa Kamina zinakuja katika Kifaransa, na sauti inayosoma ni ya Kifaransa. Sauti hiyo inafuata kanuni za tahajia ya Kifaransa kwa kila kitu kinachopita mbele yake, ikiwa ni pamoja na majina ya nyimbo zetu. "Asante" inakuwa "azant", kwa sababu s kati ya irabu mbili husomwa z na e ya mwisho hunyamaza. "Twende" inakuwa neno la silabi moja lililopita puani. "Yesu" anapata z katikati na u ya kubana midomo. Fikiria orodha ya nyimbo mia mbili za kwaya iliyosomwa hivyo! Mtu anayeona anateremsha macho na kuona wimbo wake. Jirani yangu anasikiliza msamiati wa lugha isiyokuwepo duniani na kubahatisha.

Utasema: si abadilishe sauti, aweke ya Kiswahili? Sauti ya Kiswahili ipo kweli, Google wanaitoa pamoja na sauti zao nyingine. Akiiweka, majina ya nyimbo yanasomwa vizuri, na vitufe vyenyewe, vilivyoandikwa kwa Kifaransa, vinaharibika: "lecture" inatamkwa herufi kwa herufi, na "aléatoire" inakuwa kama jina la ugonjwa. Kwa hiyo anatakiwa achague lugha ipi iharibiwe. Njia ya kutoka ni vitufe viwe na majina ya Kiswahili tangu mwanzo, yaliyoandikwa vizuri na mtu anayejua anachofanya. Nasisitiza hilo la kujua, maana tafsiri mbaya ni rahisi kupatikana.

Chukua tafsiri ambayo mwanafunzi mzuri angeandika bila kufikiri: "Kitufe cha kucheza", "Kitufe cha kusimamisha", "Kitufe cha kurudia", "Kitufe cha kuchanganya". Sarufi haina kosa, na mwalimu angeweka alama nzuri. Sasa zisikilize badala ya kuzisoma. Zote zinaanza "kitufe cha ku-", silabi tano za bure kabla sikio halijapata habari yoyote. Mtu asiyeona hasikilizi jina mpaka mwisho. Anatelezesha kidole, anasikia mwanzo wa neno, akitambua si lenyewe anapita. Lugha yetu hubeba viambishi vyake mbele na maana huja baadaye, na hiyo ni sifa nzuri kwa ushairi, lakini kwa kitufe cha simu ni mzigo. Zaidi ya hayo, TalkBack yenyewe hutangaza kwamba kitu hiki ni kitufe. Kuandika "kitufe" ndani ya jina ni kumfanya asikie neno hilo mara mbili.

Basi tutumie amri fupi: "Piga", "Simamisha", "Rudia". Hapo tena sikio lina neno la kusema. "Rudi" ya kurudi ukurasa wa nyuma na "Rudia" ya kurudia wimbo zinatofautiana kwa irabu moja ya mwisho, na kwa mwendo ule wa njugu zinazomwagika hazitofautiani kabisa. Nilimjaribisha jirani yangu kwa kumrekodia. Alikosea mara nyingi kuliko alivyopata. Tukabadilisha moja iwe "Nyuma". Vivyo hivyo "uliotangulia" na "unaofuata" zinaanza kwa irabu ileile na zina urefu uleule karibu. Tukaweka "Nyuma" na "Mbele", tukagundua kwamba "Nyuma" sasa ina kazi mbili. Hatujamaliza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba maneno thelathini hivi, ambayo ndiyo yote ambayo programu ya muziki inahitaji, yanaweza kumshughulisha mtu wa lugha muhula mzima, na somo la mkazo na silabi ambalo tunalikariri kwa ajili ya mtihani lingepata mahali pa kufanya kazi.

Kuna "cheza" pia. Programu nyingi zilizotafsiriwa Kiswahili zinasema "cheza wimbo". Kamina ukimwambia mtu acheze wimbo, atasimama kucheza. Sisi tunapiga wimbo kama tunavyopiga gitaa na ngoma. Sina haja ya kugombana na wenzetu wa Dar es Salaam, wana Kiswahili chao na kinaheshimika, lakini kitufe kinachosikika kila dakika mbili kinapaswa kusema neno ambalo msikilizaji angelisema yeye mwenyewe.

Kuhusu Kiluba, sauti ya simu inayosoma Kiluba haipo. Lugha yetu ni ya toni, na toni hazionyeshwi katika maandishi ya kawaida. Wazee waliweza kutuma habari kwa ngoma ya kyondo kwa sababu toni peke yake hubeba maana nyingi, na mashine inayosoma bila toni ingesoma nusu ya lugha. Kazi hiyo ni kubwa, inataka rekodi za masaa mengi na watu wa informatiki. Siiombi leo. Naitaja ili tusijidanganye kwamba Kiswahili kinamaliza tatizo kwa wote.

Najua kuna wanaosema: mji unakosa umeme, barabara ya kwenda Lubumbashi inatuumiza, nawe unalilia vitufe vya nyimbo? Nilisikia maneno hayo kutoka kwa mwenzangu wa mwaka wa pili na sikumchukia. Lakini gitaa ni mkate wa jirani yangu. Anaitwa kupiga kwenye harusi kwa sharti ajue nyimbo zilizotoka mwezi huu, na nyimbo za mwezi huu ziko kwenye simu. Akichelewa kujifunza wimbo kwa siku tatu, kazi inakwenda kwa mwingine. Na nchi imeshasema lake: Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, mkataba ambao kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari na cha 30 kinataja utamaduni na burudani, kisha ikatoa sheria yake yenyewe, loi organique namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Sheria haiandiki majina ya vitufe. Hata hivyo, baada yake hakuna anayeweza kuliita jambo hili anasa.

Louis Braille mwenyewe, na hili wengi hawalijui, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Paris, na kitabu alichotoa mwaka 1829 kueleza nukta zake kilitaja muziki katika jina lake, sambamba na maneno. Hakungoja watu wasiojua kuona washibe kwanza ndipo wapewe nyimbo.

Sasa, tufanye nini? Nina mapendekezo ambayo hayahitaji fedha ya mtu.

La kwanza linawahusu wana kwaya, na katika kitivo hiki karibu kila mtu ni mwana kwaya. Nyimbo zetu zinasambaa kwa WhatsApp na kwa carte mémoire, na zinafika zikiwa na majina kama AUD-20240317-WA0012. Sikiliza simu ikikusomea mistari arobaini ya namna hiyo, tarakimu kwa tarakimu, ndipo utajua. Kabla ya kutuma wimbo, uandike jina: wimbo kwanza, kwaya baadaye. Wimbo kwanza, kwa sababu ileile niliyoeleza, ukianza na "Kwaya ya..." nyimbo zote zitaanza sawa. Na tuandike kwa namna moja. Mwenda, mpiga gitaa mkubwa wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi Likasi mwaka 1952, anapatikana kwenye simu kama Mwenda Jean Bosco, Jean-Bosco Mwenda, na Mwenda wa Bayeke. Jicho linaunganisha majina hayo mara moja. Sikio linayapitia moja moja, na orodha iliyopangwa kwa alfabeti imeyatupa mbali mbali.

La pili ni la maprofesa wetu. Ruhusuni TFC juu ya maneno haya. Kuna programu za muziki ambazo msimbo wake uko wazi na tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea. VLC, ambayo wengi tunayo kwenye simu, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris, wanafunzi kama sisi. Mwanafunzi wa hapa anaweza kuandika orodha ya maneno, kuijaribu na wasikilizaji wasioona wa Kamina, kupima ni majina yapi wanayachanganya na kwa mwendo gani wa sauti, na mwisho wa kazi yake akayatuma kwa watengenezaji yakaingia ndani ya simu. Ni TFC ngapi za kitivo chetu zimetoka kabatini na kwenda mahali popote? Google wanatoa bure pia programu inayoitwa Accessibility Scanner, inayopita juu ya kioo na kuonyesha vitufe visivyo na jina. Mtu haitaji kujua kuandika msimbo ili kuitumia. Kwa alasiri moja darasa linaweza kukagua programu tatu nne.

Sharti langu ni moja tu, kwamba wasioona wawemo tangu siku ya kwanza na wawe na kauli juu ya maneno. NVDA, programu ya bure inayosoma kioo cha kompyuta, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili ambao wenyewe hawaoni, Michael Curran na James Teh. Walijua kinachoudhi kwa sababu kiliwaudhi wao. Sisi tunaoona tunapenda neno zuri. Anayesikiliza anataka neno linalotofautika, na mara nyingi hayo hayakutani.

Tumeshaanza kidogo, watu wanne na jirani yangu, Jumamosi jioni umeme ukiwapo. Orodha ina maneno kumi na tisa. Neno linalotusumbua zaidi sasa ni la kitufe kinachopiga nyimbo bila kufuata mpangilio. Mwenzetu mmoja anataka "Changanya", lakini inagongana na "Changia" ambayo tumeipa kazi ya kutuma wimbo kwa rafiki. Mwingine ameleta "Vuruga", nasi tukacheka, ingawa sikio linaikamata upesi kuliko zote. Jirani yangu anasimama na "Bahati". Atakayekuwa na neno la nne alilete. Tunakutana nyuma ya maktaba.